Nukta Kumi na Moja za Jego

Jego, Jumatatu 9 Juni 2025

Mwanangu Muhsina,

Salaam alaykum, na kama una kitu jikoni kiepue kwanza, maana barua hii ndefu na shangazi yako hajui kufupisha. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Nikipiga, nikishawauliza hali watu wa nyumba yako na wa kazini kwako mmoja mmoja, salio limekwisha na neno lenyewe sijasema. Na zile sauti za kutuma siziwezi, nikizisema mtaa mzima unasikia. Mwalimu wa ngumbaru alinifundisha kuandika nina miaka arobaini na moja, hati yangu kama kuku kapita kwenye unga, lakini inasomeka, na kalamu haina kelele.

Idi ilikuwa njema. Jirani yetu Bimkubwa alipika biriani, mchele ukageuka uji, tukasema mashallah tukala, na ye alijua tunamdanganya, akatuongeza sahani ya pili kwa hasira.

Sasa habari unayoingoja. Babako hajambo. Mguu wa kushoto bado mnene, matende hayaondoki siku moja, lakini sikiliza: ile homa ya mtoki haijarudi tangu vidonge vianze mwezi wa nne! Unakumbuka ilivyokuwa inamkamata, kinena kimevimba, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, siku nne hali. Kila mwezi, miaka kumi na moja. Sasa mwezi wa tano umepita, huu wa sita tunao, kimya. Kidonge kimoja kila asubuhi na mguu kuoshwa kwa sabuni, basi. Aliyekibuni kidonge kile nikimwona nitambusu mkono, hata awe kafiri.

Nami ndiye mhudumu wa mradi wa kujaribu dawa hii ya matende hapa Jego, kama hukusahau. Kikoneni wana wao, Mkongani wana wao. Kitambulisho changu cha shingoni kina picha na namba 7, nakivaa hata nikienda kisimani. Asubuhi nawapitia wagonjwa wangu kumi na wawili, nasimama mbele ya mtu mpaka ameze, naandika kwenye fomu tarehe, saa, vidonge vingapi, kameza na kitu gani, halafu mwisho wa mstari naweka 7 yangu. Jumatano anakuja Japheth, muuguzi wa mradi. Anatoboa vidole, tone la damu kwenye karatasi, karatasi zinakuja huko kwenu Nairobi. Japheth ni mtu wa bara, mpole, lakini sheria yake moja haipindi: kidonge ni kwa maji matupu. Anayetia kitu kingine anatolewa kwenye mradi.

Na kidonge chenyewe kichungu, mwanangu, uchungu wa kukunja uso mpaka masikio. Babako wiki ya kwanza alikuwa anakificha chini ya ulimi, nikigeuka anakitema kwenye mgomba. Nilijua kwa sababu ya kuku, walikuwa wanavizunguka hawavidonoi. Siku hizi anameza vizuri kama anayekula tende. Wote wanameza vizuri, alhamdulillahi.

Nimekufungia korosho na achari, zinakuja na basi pamoja na barua hii. Mabalungi mwaka huu usiyangojee. Kima wamemaliza mti mzima, hawakuacha hata la dawa.

Na hebu nieleze, wewe siku nzima hufanya nini? Nikisema Muhsina yuko ofisi ya mradi anahesabu dawa, Bimkubwa ananijibu, "Kuhesabu vidonge? Mbona hata mimi naweza." Nikanyamaza, na unajua kunyamaza kunavyonitesa.

Shangazi yako,
Esha


Nairobi, 17 Juni 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea jikoni, na kitu sikukiepua, kikaungua. Korosho zimefika, wenzangu wamezimaliza, achari nimeificha.

Habari ya baba imenifanya nikae chini. Nakushukuru kwa kila asubuhi unayosimama mbele yake. Mimi niko mbali na nakula mshahara wa kazi ambayo wewe unaifanya kwa miguu.

Mwambie Bimkubwa sihesabu vidonge. Matone ya damu yakifika, maabara inapima dawa iliyobaki ndani yake. Mimi naandika modeli, yaani maelezo ya hesabu yanayokisia: mtu wa uzito huu, akimeza saa hizi, kesho asubuhi atabaki na dawa kiasi gani. Halafu inachorwa. Kila tone la damu linakuwa nukta moja. Makisio yangu yanakuwa mchirizi mwekundu. Nukta zikizunguka mchirizi, nimekisia vizuri. Zikienda mbali, kuna jambo silijui. Kwa hiyo michoro ndiyo inayoipima modeli, inaniambia inaumwa wapi.

Taabu ni kwamba modeli naiandikia kwenye programu ya kuandikia tu, kama daftari tupu. Kuikokotoa ni programu nyingine. Michoro ni ya tatu. Nikibadilisha neno moja nahifadhi, natoka, nafungua kule, nanakili, nasubiri, nafungua pengine. Nikifika kwenye mchoro nimeshasahau nilibadilisha nini. Basi tangu mwezi jana, kazi ikiisha, nabaki naziunganisha zote tatu. Nataka nibonyeze kitufe kimoja humohumo daftarini, modeli iende ikokotolewe, irudi na michoro yake ikae kando ya maandishi. Na nikiigusa nukta, daftari linifungulie palepale kwenye mstari wa mtu huyo, nione fomu yake ilisema nini.

Mkuu wangu, Dkt. Sanga, anasema napoteza muda. "Muhsina, sisi tumenakili miaka kumi na hatujafa."

Pole kwa mabalungi. Hao kima wana roho mbaya. Kati ya vitu vyote vya nyumbani ndiyo niliyokuwa nikiyangoja.

Mwanao,
Muhsina


Jego, 27 Juni 2025

Mwanangu Muhsina,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimemsomea babako mara mbili, ya pili alilala lakini aliipenda.

Nimekuelewa sana. Wewe ulikuwa na jiko Jego, kinu Kikoneni na sahani Mkongani, ukitaka wali unapanda na kushuka na sufuria kichwani. Sasa unaleta vyote jiko moja. Huyo Sanga hajawahi kupika, mwambie nimesema. Au usimwambie, ndiye mkubwa wako.

Hapa kuna kituko. Babako juzi alianguka. Usishtuke! Alikuwa anatia udhu, anasema dunia ikageuka, akakaa kwenye matope kopo mkononi. Mimi nilimkuta. "Kaka, umeanguka?" "Nimechutama." "Unachutama kwa mgongo?" Na si ye peke yake. Bimkubwa, naye ni mgonjwa wangu, kizunguzungu kilimshika sokoni, akaja kuninong'oneza huenda ni mimba. Ana miaka hamsini na sita! Tulicheka mpaka tukaombana msamaha. Japheth ameandika watu wanane. Mimi nasema ni baridi ya mwezi huu na wazee kutokula asubuhi, lakini ye aliandika tu, uso wake hauna habari.

Mwenzio uliyesoma naye amefungua kibanda cha mihogo pale njia panda, mumewe kamfungulia cha pili mbele yake, wanashindana, na watoto wao wanakula kwangu. Hayo nitakueleza ukija, karatasi haitoshi.

Vidole vinaniwasha leo kwa kukamua, kwa hivyo hati ni mbaya kuliko ya siku zote. Kukamua nazi, namaanisha. Na doa hilo hapo chini nisamehe, ni maji.

Homa bado haijaja. Kila nikiamka namshukuru Mungu, halafu nakushukuru wewe, halafu kidonge, kwa mpango huo.

Shangazi yako,
Esha


Nairobi, 5 Julai 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa na furaha na woga pamoja.

Furaha kwanza. Imekubali! Jana alasiri nilibonyeza kitufe na vyote vitatu vikaitikiana: daftari, hesabu, michoro. Jiko moja, kama ulivyosema. Nilipiga kelele, mlinzi akaja.

Halafu nikatazama mchoro. Nukta za Kikoneni na Mkongani zimeuzunguka mchirizi kama inavyotakiwa. Lakini juu kabisa, peke yao, kuna kundi limepaa kama ndege walioshtuliwa. Tulikuwa tunaziona tangu zamani tukidhani ni makosa ya vipimo. Sasa naweza kuzigusa. Nikagusa ya kwanza, daftari likafunguka kwenye mstari wake. Mwisho wa mstari: 7. Nikagusa ya pili: 7. Nikagusa zote. Ni watu kumi na mmoja, Shangazi, na wote mwisho wao ni 7.

Watu hao wana dawa kwenye damu karibu mara mbili ya wenzao. Nadhani kizunguzungu kimetoka huko, si kwenye baridi.

Dkt. Sanga anasema mambo ni mawili. Ama mhudumu anawapa viwili viwili, ama miili ya watu wa huko kusini haiwezi kiasi hiki. Kikao ni tarehe 30 Julai. Sababu isipopatikana, kidonge kitakatwa nusu kwa wote, Jego, Kikoneni na Mkongani. Na kwa hao wengine walio sawasawa, nusu haitafanya kitu. Nawaza ile homa kurudi kwa watu ambao imeshawaacha. Nawaza baba.

Sijamwambia mtu hapa kwamba 7 ni shangazi yangu.

Jambo moja linanikosesha raha. Watu wako ni kumi na wawili. Mmoja, namba 706, amekaa kwenye mchirizi wenyewe kabisa. Huyo anafanya nini ambacho wenzake hawafanyi? Au ni kitu gani hafanyi? Usinitajie jina, nakuomba, sitakiwi kujua majina na Bimkubwa umeshanitajia. Niambie tu kweli ilivyo.

Mwanao,
Muhsina


Jego, 11 Julai 2025

Muhsina,

Barua nimepata.

Vidonge nawapa kimoja kimoja. Vinavyobaki kwenye kopo Japheth huvihesabu kila Jumatano na havijapungua hata siku moja, muulize. Fomu zangu zimeandikwa maji kwa sababu Japheth alisema maji.

Mama yako alipofariki nilikulea miaka sita, na katika miaka hiyo sikukuhesabia kijiko. Leo nahesabiwa kwa nukta.

Babako hajambo.

Esha


Jego, 19 Julai 2025

Mwanangu Muhsina, mwanangu wee,

Ile barua ya nyuma ichome. Kama imeshachomeka, vizuri.

Siku nane sikusema na mtu. Bimkubwa alidhani nimekufa, akaja kuchungulia dirishani, akaona naosha vyombo kimya, akaenda kumwambia babako kwamba Esha amepagawa. Jana babako akanikalisha kwenye mkeka. Anasema, "Esha, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Mbona umekuwa kimya? Tangu uzaliwe sijakuona kimya. Hata ukilala unasema."

Nikaitoa barua yako kwenye kanga nikamsomea. Hakulala safari hii. Akakaa, akasema, "Mwambie mtoto." Nikasema, "Nikimwambia watakutoa kwenye mradi." Akauliza, "Kikoneni wako wangapi?" Ishirini na watatu. "Mkongani?" Kumi na tisa. Akautazama mguu wake, akasema, "Basi nitoke mimi. Mwambie."

Kima hawakula kitu, Muhsina. Mabalungi yamekuwa yakiingia matumboni mwa wagonjwa wangu.

Ilianza kwa babako, ile wiki ya kutema kwenye mgomba. Nilimbembeleza, nilimtukana, nilimwombea, hapana. Siku moja nikakata balungi nikamkamulia kikombe, nikatia sukari kidogo. Uchungu ukafunika uchungu. Akameza kidonge, akamaliza kikombe, akauliza kimebaki? Kesho yake Bimkubwa akasikia, maana ukuta wetu ni mmoja. Kesho kutwa wakasikia wengine. Baada ya wiki mbili nikawa nazunguka na jagi zima asubuhi kama mwenye harusi. Kumi na mmoja wanakunywa, na mimi kwenye fomu naandika maji, maji, maji.

Huyo 706 simtaji. Ni mwanamke, anauza mkaa, mumewe ni Chengo, na jina lake ni silabi mbili tu, ya kwanza Si. Lakini simtaji. Ana vidonda vya tumbo, balungi likimgusa anajikunja kama jongoo. Basi ye humeza kwa maji matupu, ananuna, ananitukana mimi na Japheth na serikali, kila siku, tangu mwezi wa nne. Ulipouliza ni kitu gani hafanyi, nililijua jibu kabla sijafika mwisho wa mstari. Ndiyo maana nilikasirika vile. Ungenisingizia nisingekasirika, ningecheka.

Sikuficha kwa ajili ya kitambulisho, wallahi, ingawa nakipenda. Ni ile homa. Wewe uliiona likizo, mimi niliiona kila mwezi. Nilishika ndoo, nilishika kitambaa, nilimshika ye mwenyewe asianguke kitandani. Kilipokuja kidonge kikaizuia, ningekipitisha kooni mwake hata kwa asali ya kuiba. Na nani aliwahi kudhurika na tunda? Nilidhani nawapa wema. Sasa nafikiria alivyokaa kwenye matope na lile kopo, na mimi nikamcheka, na jagi nililishika mimi.

Leo asubuhi nimewapitia na maji. Walininunia nyumba kwa nyumba. Jagi la mwisho nimelimwaga kwenye mgomba uleule.

Halafu nikavaa buibui nikaenda mpaka Msambweni kwa Japheth, nikamwambia yote kabla hajanikaribisha kiti. Aliandika, akaandika. Mwisho akasema, "Mama Esha, tangu Aprili?" Nikasema tangu Aprili. Nikavua kitambulisho nikakiweka mezani. Hakukishika wala hakukirudisha. Nimekiacha kimelala pale, picha juu, na pichani nacheka kama mjinga.

Nisamehe. Fanya unaloweza kabla ya hiyo tarehe thelathini. Kama babako lazima atoke, basi, amesema mwenyewe. Lakini wasiwakatie wale wengine.

Shangazi yako,
Esha


Nairobi, 2 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kidonge hakikatwi. Nalitanguliza hilo usije ukasoma ukiwa umeshika moyo.

Barua yako ilifika tarehe 23, siku saba kabla ya kikao. Niliisoma nimesimama. Kisha nikakaa, nikafungua daftari, nikaongeza safu moja kwenye orodha ya watu, nikaipa jina BALUNGI. Watu wako kumi na mmoja nikawawekea moja. 706 sifuri, Kikoneni sifuri, Mkongani sifuri. Kwenye modeli nikaongeza mstari mmoja mfupi wa kusema kwamba mwenye balungi mwili wake huivunja dawa polepole. Nikasema bismillahi nikabonyeza kitufe.

Ilichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Michoro ikarudi. Mchirizi wao ulikuwa umepanda, umepita katikati ya zile nukta, na ndege wote walikuwa wametua.

Nikamwita Dkt. Sanga. Alisimama nyuma yangu. Akaomba kipanya, akagusa nukta moja, akasoma mstari wake, akagusa ya pili, akaenda hivyo mpaka zote kumi na moja, halafu 706. Akavuta kiti. "Balungi," akasema. "Kwenye vitabu limo, tangu zamani, kwamba linazuia dawa nyingine zisivunjwe. Kwenye fomu halimo. Tungewatupa hawa kama takataka." Kisha akaniambia, "Kesho nifundishe hicho kitufe chako."

Hapo ndipo nilipowaambia kwamba 7 ni shangazi yangu. Sitakuficha, nimepewa onyo kwa maandishi kwa kutosema mapema, na ninastahili. Lakini kwenye kikao barua yako ndiyo iliyosomwa, ile sehemu ya jagi tu, majina hayakutajwa, na mzee mmoja wa kamati aliifuta miwani yake mara tatu.

Baba hatoki. Hatoki mtu yeyote, kwa sharti kwamba balungi likome, kipimo cha damu kirudiwe, na uchungu utulizwe kwa tende moja baada ya kumeza. Japheth ameshanunua. Fomu mpya ina nafasi tupu ya kuandika walichomezea, chochote kile, na hakuna atakayetolewa kwa kusema kweli. Hilo Japheth mwenyewe ndiye aliyelipendekeza. Alisema alitisha watu mpaka wakamdanganya. Kitambulisho chako anakuletea Jumatano.

Shangazi, unaniomba msamaha na mimi natafuta maneno ya kukushukuru. Kuziunganisha zile programu kulinipa mahali pa kugusa, basi. Aliyeniambia nilichokigusa ni wewe, na ulikuwa na sababu zote za kunyamaza.

Barua yako ya tarehe 27 Juni, yenye doa la maji, nimeinusa leo. Lile si maji.

Nakutumia mchoro wenyewe, umechapishwa kwa rangi, kila nukta na namba yake. Msalimie baba, mwambie nimesikia alichosema kwenye mkeka.

Mwanao,
Muhsina


Jego, Jumamosi 16 Agosti 2025

Mwanangu Muhsina,

Marahaba mara mia. Nililia, nikacheka, nikaenda kumsomea Bimkubwa, naye akalia, lakini ye hulia hata kwa matangazo ya redio.

Japheth amekuja Jumatano na kitambulisho. Ameniwekea kamba mpya, ya buluu. Akanivalisha mwenyewe mbele ya watu, halafu akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama Esha, safari hii niandikie hata kama wamemeza na mchanga." Nikamwambia nitakuandikia mpaka ukome. Tayari fomu za wiki hii zimejaa, mmoja nimemwandikia "maji, tende mbili, na matusi."

Kizunguzungu kimekwisha. Kwa wote. Na homa haijarudi! Niliogopa, nilisema balungi likiondoka pengine na homa itaingia, lakini wapi, miezi minne sasa. Na jana, sikiliza, jana ilikuwa Ijumaa. Babako alitoka na kanzu. Msikitini hajaenda tangu wewe uko sekondari, akisema watu watautazama mguu badala ya kumsikiliza imamu. Nikasikia bomba la udhu, nikatoka mbio nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama. "Unatafuta nini?" akaniuliza. Nikasema natafuta kuku. Akaenda zake, taratibu, na fimbo, na mimi nikamfuata nyuma kwa mbali kama mpelelezi mpaka nikamwona anavua ndara mlangoni. Nikarudi nikakaa jikoni nikamshukuru Mungu mpaka nikaishiwa na maneno, mimi.

Mchoro nimeubandika sebuleni. Namba sikumwambia mtu, nakuapia, kila mtu ana kadi yake ya mradi yenye namba na wamejipata wenyewe. Siku mbili nyumba imejaa kama nina maiti. Bimkubwa nukta yake ndiyo ya juu kuliko zote, sasa mtaa mzima hatupumui, anasema ye ndiye mkubwa wa mchoro. Na yule nisiyemtaja, wa mkaa, alijiona kule chini na watu wa Kikoneni, akanigeukia. "Miezi yote hiyo nimekunja uso, malipo yangu ni kuwekwa chini?" Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Wewe tumbo lako lingekuwa zima, leo Muhsina asingekuwa na la kuuliza, na sote tungekuwa tunameza nusu." Akafikiri. Akasema, "Basi niletee chai." Nikamletea, na mkate wa sinia nikamkatia wa pembeni, anaoupenda.

Gunia la mabalungi liko kwenye basi. Ni yote yaliyokuwa yamebaki mtini, maana hapa hakuna tena wa kuyanywa. Wape wenzako, mpe na Sanga, kwanza muulize kama anameza dawa. Ningekutumia mengi zaidi, lakini niliwasingizia kima, na nadhani wamesikia. Juzi wamekuja kweli, kumi na zaidi, wakala wakinitazama.

La mwisho. Jana babako aliporudi msikitini alisimama mbele ya mchoro, akaitafuta nukta yake, akaiwekea kidole, akauliza, "Na wewe Esha uko wapi?" Nikatafuta na mimi. Simezi kidonge, sina damu kwenye karatasi, nukta nitaipata wapi? Nikamwambia, "Mimi simo, Kaka." Akasema, "Muhsina si alisema ukigusa yoyote hapa inakupeleka kwenye mstari wa mtu? Na mwisho wa mstari kuna nani?"

Basi mwanangu, ukinikumbuka huko Nairobi usihangaike na simu. Gusa yoyote.

Esha, 7